Hati Aliyoisoma Tarishi

Orodha ya wasiojua kusoma na kuandika katika ofisi yetu ilikuwa na majina matano, na la tatu lilikuwa la Mwishehe. Niliipiga chapa mimi mwenyewe, nakala tatu, mwaka 1974, na moja nikaibandika ukutani karibu na mlango kama nilivyoagizwa. Wa kwanza na wa pili walikuwa wafagizi, wa nne mlinzi, wa tano mama aliyetupikia chai. Mwishehe alikuwa tarishi wetu.

Mimi naitwa Demetria Kokushubila. Nilitoka Bukoba nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya upigaji chapa na hati mkato, nikapata kazi yangu ya kwanza katika ofisi ndogo ya ardhi huko Temeke. Ilikuwa nyumba ya bati yenye baraza refu upande wa mbele, na mchanga mwekundu ulioingia mpaka kwenye droo za meza. Mkubwa wetu alikuwa Ndugu Adelard, mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, mwenye miwani, aliyependa kila kitu kiwe na jalada lake na kila jalada liwe na namba yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu.

Mwishehe wakati huo alikuwa amegonga miaka hamsini. Alikuwa Mzaramo wa Mbwamaji, kusini kule ng'ambo ya Kigamboni, mfupi, mwenye kifua kipana, na kaptula ya kaki aliyoinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama kama ya askari. Alikuwa tarishi tangu enzi za mkoloni. Baiskeli ya ofisi aliipaka mafuta kila Jumatatu, na hakuna aliyethubutu kuiazima. Alipeleka barua Keko, Chang'ombe, Kurasini, Mtoni, mpaka Msasani. Mara moja nilimwona anarudi kutoka Goba, ametoka alfajiri, amefika jioni, magurudumu yamejaa udongo wa milimani, naye hana neno ila kuomba maji ya kunywa.

Kazi yake ilikwenda hivi. Asubuhi mimi nilimsomea bahasha moja moja: hii ya fulani, mtaa fulani, nyumba namba fulani. Naye alichomoa kipande cha penseli nyuma ya sikio akatia alama ndogo kwenye pembe ya bahasha, vimkia na nukta, vitu ambavyo mimi niliviona kama michoro ya mtoto. Nilijiambia kuwa ndivyo wanavyofanya wasiojua herufi, kila mtu hujitafutia alama zake za kukumbukia. Nilishangaa kidogo tu kwamba hakupoteza barua hata moja.

Siku zile ilikuwa kampeni ya kisomo cha watu wazima. Kila kiwanda, kila ofisi, kila kijiji kilitakiwa kuwa na darasa, na mwenye kujua alitakiwa kumfundisha asiyejua. Ndugu Adelard alinichagua mimi kuwa mwalimu kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na sikuwa na namna ya kukataa. Basi saa tisa alasiri, kazi ikiisha, tulikaa barazani, mimi na wanafunzi wangu watano, na ubao mdogo uliotengenezwa na fundi wa Keko.

Nilimfundisha Mwishehe alifu kwa kijiti, yaani kusoma tangu herufi ya kwanza, ndivyo nilivyodhani. Nakumbuka siku ya kwanza nilimpa daftari, naye akaweka penseli upande wa kulia wa karatasi, akakaa hivyo, anangoja. Nikainama nikamshika mkono, mkono wa mtu aliyelingana na baba yangu, nikauvuta taratibu mpaka kushoto. Nikamwambia, "Tunaanzia huku, mzee." Aliniangalia, akasema ahsante, akaandika a, e, i, o, u. Siku ya pili akaanza kulia tena. Nikamhamisha tena. Nilimwonea huruma, na huruma ile nikaiona kuwa wema wangu.

Mbali na darasa, nilikuwa na shida yangu mwenyewe. Ofisi zilikuwa zimeacha Kiingereza, na Kiswahili nilichotoka nacho Bukoba kilikuwa cha shuleni na sokoni, hakikutosha. Kutoka makao makuu tuliletewa karatasi yenye safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, tuyatumie maneno hayo katika kazi. Niliyakariri kama katekisimu: cheti, stakabadhi, waraka, jalada, hati. Hati ndilo lililonitaabisha kuliko yote, maana lilikuwa kila mahali. Hati ya kiwanja, hati ya kiapo, hati ya mauziano. Hata shorthendi niliyojifunza chuoni iliitwa hati mkato, na sikuona inahusiana vipi na kiwanja cha mtu. Nilidhani ni neno lililotungwa na wakubwa mezani, kwa ajili ya ofisi tu, kama walivyotunga mengine. Sikumwuliza mtu. Nililipiga chapa mara hamsini kwa siku na kuendelea.

Mwezi wa nane mwaka huo wapima walikuwa wanagawa eneo moja la Mtoni liwe viwanja. Waliokuwa wakikaa pale toka zamani, na wenye kitu cha kuonyesha, waliandikwa wapate viwanja palepale. Wasio na kitu wangepewa sehemu nyingine, mbali zaidi. Daftari la kuandikisha lilikuwa lifungwe siku ya Ijumaa.

Jumatano kabla ya adhuhuri alikuja bibi mmoja peke yake. Alivaa buibui lililopauka, na kwapani alishika bweta la mbao lenye vipambo vya shaba. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasema anaitwa Mauwa binti Abdallah, na amekuja kuandikwa. Nilimwuliza ana barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Akasema balozi wake ni kijana aliyehamia mwaka juzi, hajui nani amezaliwa wapi, na wazee waliojua wamekwisha kufa. Lakini alikuwa na karatasi.

Ndugu Adelard alitoka chumbani kwake kusikiliza. Bi Mauwa alifungua bweta, akatoa kipande cha kaniki, akakikunjua, ndani mkiwa na karatasi moja nene iliyogeuka rangi ya chai. Alieleza kuwa mama yake alimpa siku chache kabla ya kufa, akamwambia ni karatasi ya mahali pale wanapokaa. Alimwambia pia asimwonyeshe jirani wala mwalimu wa chuo cha Kurani wala mtu yeyote, mpaka siku serikali itakapouliza.

"Sasa serikali imeuliza," alisema Bi Mauwa. "Ndiyo nimeileta."

Hakuwahi kusoma yeye mwenyewe, na kwa miaka arobaini hakuwahi kumpa mtu amsomee.

Ndugu Adelard aliichukua karatasi akaiangalia kwa muda. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka juu hadi chini, wino umefifia hapa na pale. Alimweleza bibi kwa upole kwamba hakuna mtu ofisini anayejua Kiarabu, kwamba itabidi ipelekwe mjini itafutiwe mtu, kwamba yaweza kuchukua majuma matatu, na daftari linafungwa keshokutwa. Bibi alisikiliza. Alinyoosha mkono arudishiwe karatasi yake.

Wakati huohuo Mwishehe alikuwa ameingia na mkoba wa barua begani, amesimama pale mlangoni chini ya orodha yangu.

"Ndugu Adelard," akasema, "umeishika juu chini."

Tuligeuka sote. Mwishehe aliweka mkoba chini. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba maneno yenyewe si ya Kiarabu. Ni Kiswahili. Herufi tu ndizo za Kiarabu.

Ndugu Adelard aliitazama karatasi, akamtazama Mwishehe, akaigeuza karatasi. Mimi nilitazama bahasha zilizokuwa mezani kwangu zikingoja kwenda Kurasini, zenye vimkia na nukta kwenye pembe, na kwa mara ya kwanza niliona kuwa zimepangwa kwa mstari, kutoka kulia kwenda kushoto. Hazikuwa alama. Yalikuwa maneno. Kila asubuhi nilimsomea, naye akaandika nilichosoma, mbele ya macho yangu, miezi kumi na minne.

Mwishehe hakuichukua karatasi mara moja. Alitoka nje kwenye bomba, akanawa mikono, akaikausha vizuri kwa kitambaa, ndipo akarudi akaipokea kwa mikono miwili. Alisoma kimya, midomo ikicheza. Alifika kama katikati, akaacha kucheza midomo. Akarudi juu akasoma tena. Halafu akaikunja.

Ndugu Adelard alimwuliza imesemaje.

"Ina mambo ya mwenyewe," alisema Mwishehe. "Naomba mwenyewe aambiwe kwanza."

Ndugu Adelard hakupendezwa. Alisema ile ni ofisi ya umma, hati ikishaletwa mezani inasomwa mezani. Mwishehe alisimama palepale, kaptula yake imenyooka, karatasi mkononi. Nilikuwa sijamwona akimkatalia mkubwa jambo lolote. Mwisho Ndugu Adelard akaondoa miwani, akasema haya, dakika tano.

Walikwenda barazani. Kupitia dirishani nilimwona Bi Mauwa amekaa kwenye benchi la darasa letu, na Mwishehe amechuchumaa mbele yake chini, kama mtu anavyochuchumaa mbele ya mama yake, anazungumza polepole na kwa sauti ya chini. Bibi alijifunika uso kwa upande wa buibui. Dakika tano zikapita, zikapita nyingine tano. Ndugu Adelard alikuwa amesimama nyuma yangu, naye anaangalia, na hakuitazama saa.

Waliporudi, Bi Mauwa macho yake yalikuwa makavu.

"Asome," alisema. "Asome yote, asiruke kitu, na huyu mjukuu wangu aandike," akanielekezea kidole mimi.

Nilichukua daftari langu na penseli. Mwishehe alisoma akiwa wima, si haraka, na sauti yake haikuwa ile ya kuomba maji ya kunywa. Nilimfuata kwa hati mkato, na baadaye nikaipiga chapa, na nakala moja ninayo mpaka leo. Ilisema hivi:

"Bismillahi rahmani rahimi. Mimi Bi Sauda binti Hemedi, mkazi wa Mtoni, nakiri mbele ya mashahidi hawa, hali nina akili zangu timamu na hapana aliyenilazimisha, ya kuwa nimemwacha huru mjakazi wangu Faida, asili yake Myao, niliyemnunua yu mtoto, na binti yake Mauwa, aliye mgongoni, anyonyaye. Nimewaacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Hapana juu yao mkono wangu wala mkono wa warithi wangu. Na nimempa Faida minazi tisa iliyo kusini ya kisima, na ardhi iliyo chini yake, iwe yake na ya mtoto wake na ya watakaozaliwa. Na atakayewaandama baada ya leo, hati hii ni jibu lao. Imeandikwa siku ya kumi na mbili ya mwezi wa Rajabu, mwaka elfu moja mia tatu ishirini na nne."

Yalifuata majina ya mashahidi watatu na la mwandishi. Mwishehe alihesabu vidole, akasema hizo ni zama za Mdachi, yapata miaka sitini na minane.

Watu wa bara huenda wasijue uzito wa jambo hili pwani. Mimi wakati ule sikuujua. Mtu alikuwa anaweza kukaa na jirani miaka hamsini, wakapikiana, wakauguzana, lakini ikijulikana kuwa ukoo wake ulinunuliwa, kuna milango inayofungwa bila sauti. Ndiyo maana Bi Faida alimwambia mwanawe asimwonyeshe mtu. Aliwaambia watu kwamba kwao ni Kilwa, akampa mtoto jina la baba Abdallah, ambalo mtu yeyote aweza kuitwa, maana yake mja wa Mungu tu. Mwishehe aliyaona hayo kwenye mstari wa tatu. Angeweza kusoma habari ya minazi peke yake na hakuna ambaye angejua. Aliniambia baadaye kwamba alifikiri kufanya hivyo, akaona hiyo nayo ni kumwibia mtu karatasi yake.

Bi Mauwa alikuwa amesogea mezani.

"Nami nimo humo?" aliuliza.

"Umo, mama."

"Nionyeshe."

Mwishehe alilaza karatasi mezani kwangu, akatafuta, akakishika kidole cha shahada cha yule bibi akakiweka juu ya neno moja. Akamtajia herufi, mimu ya kwanza, na nyingine zilizofuata. Bi Mauwa hakuondoa kidole. Kilikuwa kidole cha mtu aliyesuka makuti maisha yake yote, ukucha umepasuka, na chini yake kulikuwa na jina lake, lililoandikwa na mkono wa mtu aliyekwisha kufa, siku ambayo yeye alikuwa analala mgongoni mwa mama yake, hajui kuwa asubuhi aliamka mtumwa na adhuhuri amelala huru.

"Nilikuwa mgongoni," alisema. "Na wameniandika."

Nimeona mengi tangu hapo. Nimefanya kazi katika ofisi tatu, nimeshika hati zenye mihuri mikubwa na saini za mawaziri. Sijapata kusimama tena mbele ya karatasi nikahisi kama nilivyohisi siku ile, nikiogopa hata kupumua nisije nikapeperusha wino.

Ndugu Adelard alikuwa amesimama muda wote. Alisema kwamba hati imekubaliwa, na kwamba mimi nilete daftari la kuandikisha. Nililileta. Nikaandika tarehe, eneo, idadi ya minazi. Nilipofika kwenye jina la mwombaji nikaanza kuandika Mauwa binti Abdallah kama alivyojitaja.

"Hapana," alisema Bi Mauwa. "Andika Mauwa binti Faida."

Nilimtazama Ndugu Adelard. Utaratibu ulitaka jina la baba. Aliitikia kwa kichwa kuwa niandike, nikaandika.

Bibi alipoondoka, Ndugu Adelard alimwuliza Mwishehe kwa nini hakusema miaka yote hiyo kwamba anajua kusoma. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alikuwa na aibu, kama mimi.

Mwishehe alifikiri. Akasema mwaka hamsini na moja, alipokuja kuomba kazi, mzungu aliyemwandika alimpa gazeti la Kiingereza asome. Hakuweza. Mzungu akaandika hajui kusoma, akampa wino aweke dole gumba.

"Tangu hapo ndivyo jalada langu linavyosema," alisema. "Nyie hamkuuliza mengine. Na mie nilijua elimu ya chuoni si elimu ya ofisini."

Kisha akachukua mkoba wake akaenda Kurasini, maana barua zilikuwa zimechelewa.

Siku ya pili nilimwomba radhi. Ilikuwa saa tisa, wenzetu hawajafika darasani. Nilimwambia nimeaibika kumshika mkono kama mtoto. Alicheka. Akasema mwalimu wake wa chuo kule Mbwamaji alikuwa akimshika mkono vilevile, ila yeye alikuwa na bakora. Baba yake alikuwa mkulima wa mihogo, na alimpeleka chuo akiwa na miaka sita. Alikaa miaka saba, na alipotoka alikuwa na hati nzuri kuliko wote.

Nilimwuliza hati gani, nikidhani anasema cheti cha kumaliza.

"Hati," alisema. "Mwandiko. Mkono."

Alichukua kipande cha stensili iliyotumika, upande wa nyuma ukiwa mweupe, akaandika kuanzia kulia. Herufi mbili tu. Ya kwanza ina nukta juu, ya pili ina tumbo na kijiti kimesimama. Akasema hilo ndilo neno lenyewe, Waarabu hulitamka khati, kwa kukwaruza koo, na sisi watu wa huku tumelilainisha. Kwao ni mstari. Ukipiga mstari kwa wino ni khati, ukiandika kwa kalamu ni khati. Chuoni, mtu akiandika vibaya, mwalimu alimwambia hati yako kama kuku aliyepita kwenye unga. Akiandika vizuri, walimwita aje aandike barua za watu, na mapatano, na mirathi. Watu wakasema nenda ukachukue hati ya mwalimu fulani, yaani maandiko ya mkono wake, kwa sababu mkono wa kila mtu unajulikana kama sura. Mwisho karatasi yenyewe ikaitwa hati.

"Kwa hiyo hati ya kiwanja ni mkono wa mtu," nilisema.

"Mkono wa mtu aliyekubali kuonekana," alisema. "Hata ukiipiga kwa mashine yako."

Nilikaa na neno lile kama mtu aliyepewa kitu cha moto mkononi. Hati mkato, mwandiko uliofupishwa. Nilikuwa nimeisomea mwaka mzima, nikatunukiwa kwa kuimudu, na sikujua ninasema nini. Nilikimbia ndani nikaleta karatasi yangu ya safu mbili nikamwuliza yote. Waraka, alisema, ni jani, na ni ukurasa, na barua za zamani zilianza waraka wako umenifika. Jalada ni mambo ya ngozi, maana vitabu vilivalishwa ngozi. Stakabadhi ni kupokea. Cheti hakukijua vizuri. Alidhani ni cha Wahindi, kwa kuwa alianza kulisikia madukani. Nami nilikuwa nimedhani maneno yale yalizaliwa mezani kwa wakubwa. Kumbe yalikuwa yametembea njia ndefu, kwa wino na kwa vinywa, kabla sijazaliwa, na mtu aliyeyajua alikuwa akipaka mafuta baiskeli nje ya dirisha langu.

Mambo hayakwisha vizuri moja kwa moja. Juma la pili makao makuu walirudisha fomu ya Bi Mauwa. Waliuliza inawezekanaje hati ikathibitishwa na tarishi ambaye katika kumbukumbu zao hajui kusoma, na saini yake ni dole gumba. Ndugu Adelard alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Aliandika barua ya kurasa mbili, mimi nikaipiga chapa, na chini yake Mwishehe akaweka saini yake mwenyewe, kwa herufi zake, mstari mmoja ulioinuka na kuzunguka na kushuka, mzuri mpaka niliogopa kuugusa na karatasi ya kukaushia wino. Fomu ilirudi imepitishwa.

Nilikwenda ukutani nikafuta jina la tatu. Mwishehe aliponiona akaniambia nilirudishe.

"Hizo zako bado sijazijua," alisema. "Usinitoe darasani."

Basi akabaki, akajifunza, polepole, akipinda herufi zangu kwa namna yake, mpaka mwaka uliofuata akafanya mtihani wa taifa wa kisomo akashinda. Ofisini alibaki tarishi. Hapakuwa na cheo cha mtu wa namna yake. Lakini habari zilisambaa, na kutoka Mtoni, Yombo, Mbagala na kwingineko watu walianza kuja na karatasi zao zilizokunjwa kwenye kaniki na magunia na vitabu vya dua. Aliwekewa kiti barazani kila Alhamisi. Nyingi hazikuwa na kitu: barua za ndugu, dua za tumbo, orodha ya waliokuja kwenye arusi. Alizisoma zote kwa makini yaleyale, na watu waliondoka kama wamekutana na jamaa zao. Mimi nilikaa pembeni nikijifunza. Nilifika mahali pa kusoma jina langu na la mama yangu, nikaishia hapo.

Bi Mauwa alipata kiwanja chake kusini ya kisima. Minazi ilikuwa imebaki sita. Habari yake ilijulikana mtaani, kwa kuwa aliisema mwenyewe, na wapo waliopunguza kuja kwake, na mjukuu wake mmoja posa yake ilivunjika. Aliniambia hayo bila manung'uniko. Alisema mama yake aliificha ili yeye aishi, naye aliitoa ili mama yake ajulikane. Alifariki mwaka 1981.

Mwishehe alistaafu mwaka kabla ya hapo. Nilimtembelea Mbwamaji mara moja, mwaka 1983, nikiwa nimeolewa na nina mtoto wa pili. Nilivuka kwa pantoni, nikapata lori la minazi, nikatembea kipande. Nilisikia sauti yake kabla sijaiona nyumba. Wanawake kama kumi na wawili walikaa ukumbini kwake, wengine wamepakata watoto, na yeye, na kaptula ile ya kaki, alikuwa akiwafundisha a, e, i, o, u kwa ubao aliounda mwenyewe. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa ameanza kuandika upande wa kulia. Mwishehe alimwacha amalize mstari, akautazama, akamsifu mkono wake, ndipo akamwonyesha upande wa pili.

Hakuniona. Nilivua viatu, nikakaa kwenye mkeka nyuma yao, nikangoja darasa liishe.